Kosa si injini ndogo, kosa ni uzito

Mwandishi mmoja anasema katika makala yake kwamba Mercedes-AMG, tawi la Mercedes-Benz la magari ya kasi, ilikosea ilipoiondoa injini ya V8 (silinda nane) ya lita 4.0 kwenye gari lake la C63 na kuweka ya silinda nne yenye lita 2.0, na analalamikia pia mlio wake. Naiheshimu hoja yake, lakini lawama ameielekeza pasipostahili. Injini hiyo ndogo peke yake inatoa nguvu za farasi 476, na turbo yake, yaani kifaa kinachotumia moshi wa injini kuisukumia hewa zaidi, ina mota ya umeme iliyofungwa kwenye shafti, kati ya gurudumu linalosukumwa na moshi na lile linalosukuma hewa, ili ianze kuzunguka kabla moshi haujapata nguvu ya kutosha, jambo linalopunguza sana ule ucheleweshaji ambao dereva huusikia anapokanyaga mafuta. Huo ni ufundi wa kupongezwa.

Kinachoniuma ni kilo. Pamoja na betri na mota ya umeme ya nyuma, ambazo husaidiana na injini kuliendesha, gari hilo limevuka kilo 2,100, ilhali kwa umeme peke yake linakwenda takriban kilomita 13 tu. Toyota GR Yaris ya silinda tatu na lita 1.6 ina takriban kilo 1,280, na wapenzi wa magari ya kasi wameipokea kwa mikono miwili.

Kuhusu mlio nakubaliana naye kabisa, kwani silinda nne hazina ngurumo ya V8. Hata hivyo, AMG wenyewe wanayo C43 yenye injini ya jamii hiyohiyo bila betri kubwa, nguvu za farasi 408, na hiyo ndiyo ambayo ningeichagua.