Wenye ulemavu tayari wamo ofisini mwetu

Desemba 3 ikikaribia, simu za idara yetu huanza kuita. Makampuni ya hapa Dar es Salaam yanakumbuka kwamba ni Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Fulana zinachapishwa, kituo kimoja kinapelekewa mchele, mafuta ya kula na viti mwendo, picha zinapigwa, kisha kila mtu anarudi kazini. Sina ugomvi na mchele wala viti mwendo, maana anayevipokea anavihitaji. Lakini nimefanya kazi za rasilimali watu muda mrefu, na najua kwamba siku hiyohiyo fulana zinapogawiwa, kuna mhasibu aliyekuza herufi za kompyuta yake mpaka mwisho akiomba mtu asipite nyuma yake. Kule stoo kuna dada anayetafuta udhuru kila kikao kinapoitwa, kwa sababu hasikii kinachosemwa na anaona aibu kuomba kirudiwe. Hao hawamo kwenye picha wala hawataki kuwamo. Wanachoomba ni mwezi uishe salama bila mtu kugundua.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Viongozi wengi ninaokaa nao mezani wanaichukulia asilimia hiyo kama wageni ambao siku moja watabisha hodi. "Wakija wenye sifa tutawachukua," wanasema, na faili linafungwa. Sensa ya 2022 ilikuta kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, zaidi ya mmoja katika kila kumi ana ulemavu wa aina fulani. Watu hao hawaishi kisiwani. Wengine walizaliwa hivyo, wengine ulemavu umewakuta ukubwani, wakiwa tayari na ajira, mkopo wa benki na watoto shuleni. Kisukari kinapunguza macho na kuua mishipa ya miguu. Kiharusi kinamwacha mtu na mkono mmoja unaofanya kazi. Bodaboda ndiyo usiseme. Mashine za kiwandani nazo zinaondoa usikivu kidogo kidogo, na mtu anakuja kushtuka mke wake anapomlalamikia sauti ya redio.

Kwa nini wanaficha? Kwa sababu wamewaona wenzao waliojitokeza. Namkumbuka mtunza stoo wa kampuni moja, mtu mwaminifu ambaye hesabu zake hazikuwahi kupishana na mzigo. Alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Alipotoka hospitali aliandaliwa sherehe ya kuagwa: kuku, soda, bahasha, hotuba tamu ya bosi kuhusu uchapakazi wake, na wafanyakazi wakalia. Mzee wa watu hakuwa ameomba kuacha kazi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuingiza na kutoa mizigo kwenye kompyuta, na kompyuta haiendeshwi kwa mguu. Hakuna aliyemuuliza, "Mzee, unaonaje, ukirudi tukusaidie wapi?" Tangu siku ile, kila mwenye sukari katika jengo lile alijifunza kunyamaza.

Upendo ulikuwepo katika sherehe ile. Haki haikuwepo, na hilo linaniuma mpaka leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kanuni za utendaji bora zilizotolewa 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha, aangalie kwanza kama kazi yenyewe inaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine anayoiweza. Na aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao pamoja na fidia unashughulikia utengamao, yaani kumsaidia mtu arudi kuishi na kufanya kazi. Nimekutana na mameneja wenye shahada mbili ambao hawajui hata kimoja kati ya hivi. Basi elimu kuhusu ulemavu ianzie kwao. Fulana zisubiri.

Ninachopendekeza ni kidogo. Ofisi isimtafute mwenye ulemavu ili imsaidie. Imuulize kila mfanyakazi, kuanzia mlinzi mpaka mkurugenzi, angalau mara moja kwa mwaka: kuna kitu gani katika mazingira ya kazi tukikibadilisha utafanya kazi yako vizuri zaidi? Swali likiulizwa kwa wote, hakuna anayelazimika kunyoosha kidole na kusema "mimi ni mlemavu". Anayeanza kupoteza macho ataomba skrini kubwa na taa nzuri. Asiyesikia vizuri ataomba ajenda na muhtasari kwa maandishi. Mwenye kifafa ataomba asipangwe zamu za usiku mfululizo. Majibu yawe siri ya mtu mmoja anayeaminika, yasigeuke mazungumzo ya kwa mama lishe.

Gharama? Nyingine zipo, sitadanganya. Kuweka lifti kwenye jengo la zamani ni fedha nyingi, ila kushusha chumba cha usaili kutoka ghorofa ya tatu kuja chini ni kazi ya asubuhi moja. NVDA, programu inayomsomea asiyeona maandishi ya kwenye kompyuta, inapatikana bure na inasoma hata Kiswahili. Mfanyakazi mwenye ualbino mara nyingi anahitaji meza isiyopigwa na jua la dirishani, ruhusa ya kusogeza karatasi karibu na uso bila watu kucheka, na kazi za nje zipangwe alfajiri au jioni. Kule Moshi kunatengenezwa mafuta ya kujikinga na jua, Kilisun, kwa ajili ya ngozi za watu hawa. Kampuni inayonunua buti na kofia ngumu za mafundi wake haiwezi kusema mafuta ni anasa.

Kwa viziwi tumezembea kuliko kwa wengine, pengine kwa sababu ulemavu wao hauonekani mtu akiwa amekaa kimya. Anayetaka kuona inavyowezekana apite Neema Crafts, Iringa. Ilianza 2003 na vijana watatu viziwi, ikawa karakana ya kazi za mikono, kisha wakaongeza mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Mteja anaandika anachotaka, anakabidhi karatasi, chakula kinakuja. Nalipenda jambo hilo kwa sababu moja: pale anayesikia ndiye anayejirekebisha, na inamchukua dakika mbili kuzoea. Ofisini kwetu tumezoea kumtaka kiziwi asome midomo ya watu kumi wanaoongea kwa pamoja, tena wengine wamempa mgongo.

Wenzake wakijifunza lugha ya alama, hata salamu na maneno ya kazi tu, siku yake inabadilika. CHAVITA, chama cha viziwi, ndio wa kuwaendea kwa jambo hili, kwa sababu walimu wazuri wa lugha hiyo ni wenyewe viziwi. Lakini naomba maafisa wenzangu wanielewe vizuri: huyo mfanyakazi aliyejifunza alama mbili tatu asigeuzwe mkalimani siku mwenzake anapoitwa kwenye kamati ya nidhamu. Pale ajira ya mtu iko mezani. Atafutwe mkalimani aliyesomea, na kampuni imlipe. Nimeona barua ya maelezo iliyosainiwa na mtu ambaye hakuelewa alichotuhumiwa, na kila aliyekuwa chumbani alijua hakuelewa.

Tukitoka nje ya geti la ofisi, mambo hayo hayajaisha. Mtu anaweza kuajiriwa vizuri akashindwa kufika. Konda wa daladala akimwona mwenye magongo anamwambia dereva "twende, twende". Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 yalileta vituo vyenye njia ya mteremko na jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, na mwenye kiti mwendo aliweza kuingia bila kubebwa kama mzigo. Ulikuwa ushindi mkubwa, ingawa asubuhi msongamano unaula. Kama mfanyakazi wako anaweza kuanza saa tatu badala ya saa mbili, umemwondolea nusu ya mateso bila kutumia shilingi.

Kuna watu wengine hawahesabiwi kabisa, nao ni akina mama wenye watoto wenye mtindio wa ubongo. Mtoto anahitaji mazoezi ya viungo kliniki, tena mara kwa mara, kwa miaka. Mama anambeba mgongoni mpaka anafikisha uzito wa gunia, baba mara nyingi ameshaondoka, na kazini anaandikiwa barua ya onyo kwa utoro. Wengi huishia kuuza vitumbua mlangoni, si kwa kupenda. Ofisi ikimpa mama huyo asubuhi moja kwa wiki akaifidia siku nyingine, imeokoa ajira na imemwokoa mtoto pia. Kina mama wa mtaani nao, badala ya kumwambia "pole, ni mapenzi ya Mungu", wakae na mtoto saa mbili mwenzao aende kwenye kikoba. Huo ndio msaada ninaousikia wakiuomba.

Mtaani kuna fedha pia, na wengi hawazijui. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama ofisi yake iko ghorofani, mtumie mtu amwite ashuke. Huo ni wajibu wake.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa umeficha hali yako kazini, sikulazimishi useme. Ukiamua kusema, andika unachohitaji ili ufanye kazi, si historia yote ya ugonjwa wako, na ubaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Mshirikishe kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kabla hujaingia kwa bosi. Tafuta chama chako kupitia SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, kwa sababu humo utamkuta aliyepitia hilohilo akiwa na bosi mkali kuliko wako. Ukiachishwa kazi isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo nyumbani, ndugu wakiwashauri wasubiri bosi atulie.