Tuache kuwarushia nyani ndizi Mikumi

Shule zikifungwa mwezi wa sita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa hujaa familia zilizofunga mahema juu ya gari, na mimi hufurahi kila nikiziona. Hifadhi ni zetu, na kiangazi ndiyo saa yake.

Kinachoniuma ni yale yanayofanyika pale barabara kuu inapokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kwenye kipande cha kilomita 50 hivi. Mwendo wa magari umewekewa kikomo, na kuna bango linalotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Hata hivyo gari linaegeshwa pembeni, kioo kinashushwa, ndizi inarushwa, simu zinatolewa. Nyani jike mwenye mtoto mgongoni anasogea hadi usawa wa tairi, macho yakiwa kwenye mikono yenu tu. Mkiondoka na picha yenu, yeye anabaki ukingoni mwa lami akingoja gari linalofuata. Linalofuata huenda ni lori la Tunduma lenye mzigo, ambalo haliwezi kusimama ghafla. Hiyo si picha ya mnyamapori. Ni picha ya mnyama tuliyemfundisha kuomba mahali patakapomuua.

Lipa kiingilio, ingia ndani, na ukiweza ulale. Chakula chote kibaki ndani ya gari, zipu ya hema ifungwe mpaka mwisho, na usiku usitoke bila kumulika kwanza. Faida utaiona alfajiri. Aliyelala mjini bado yuko foleni getini, wewe uko uwanda wa Mkata na jua ndiyo kwanza linachomoza. Kufika saa nne mwanga umeshakuwa mkali na picha zinapauka.

Zima injini, maana mtetemo wake huharibu picha. Weka mfuko mdogo wa mchele dirishani, laza lenzi juu yake, kisha subiri. Tembo aliyezoea kuona gari limetulia ataendelea na shughuli zake: anang'oa fungu la nyasi kwa mkonga, analipigapiga kwenye mguu wa mbele mpaka udongo udondoke, ndipo anakula. Hilo hulipati ukiwa mbioni kumtafuta simba ambaye dereva mwenzako amesema yuko wapi.

Mwenye siku za ziada aendelee hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kilomita 130 hivi kutoka Iringa mjini. Mito ikipungua maji, tembo huchimba mchangani kwa miguu na mkonga mpaka maji yatokeze. Ukimkuta anachimba, simama mbali, na usiegeshe kwenye njia wanayoshukia mtoni. Vichakani nyuma yako kuna swala na nyani wanaongoja aondoke ili nao wanywe.