Umio Ulio Mgongoni mwa Moyo

Mgonjwa wa Moshi ambaye mapigo ya moyo wake yanakwenda ovyo anaweza kushauriwa asafiri, pengine hadi India, akatibiwe kwa katheta. Ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi chemba ya juu ya kushoto ya moyo, ambako ncha yake huunguza sehemu zinazozusha umeme mbovu. Tatizo ni jirani. Umio umelala nyuma ya chemba hiyo, na kinachoutenganisha na moto ule ni milimita chache tu za nyama.

Ndiyo maana madaktari hubishana kama picha za kabla na wakati wa tiba zinafaa kuulinda umio. Wanaotetea picha wana hoja nzito. CT skani ya kabla humwonyesha daktari umio umepita wapi, na altrasaundi inayoingizwa ndani ya moyo wenyewe humwonyesha ncha ya katheta ilipo dakika ileile. Wenye mashaka nao hutaja mionzi, dawa ya kung'arisha picha inayolemea figo, na bili. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kwamba umio hautulii. Mgonjwa akimeza mate unasogea, na picha ya jana inakuwa ramani ya mto uliohama. Ningelazimika kuchagua, ningelipia altrasaundi. Mashine mpya zinazotumia mipigo mifupi ya umeme badala ya joto, zilizoanza kuruhusiwa Marekani Desemba 2023, zimepunguza hofu ya umio kuungua, ingawa daktari bado anahitaji kuona anapogusa.

Ila mabishano yote haya yanaishia mlangoni mwa chumba cha matibabu, na hatari yenyewe hujitokeza nyumbani. Tundu kati ya umio na moyo, linalotokana na kuungua huko, humpata chini ya mtu 1 kati ya 1,000, lakini zaidi ya nusu ya wanaolipata hufa. Dalili mara nyingi huja wiki ya pili hadi ya nne. Mgonjwa keshashuka uwanja wa ndege wa KIA, ndugu wameshampokea. Homa inapanda, kumeza kunauma. Kwetu homa ni malaria. Malaria ikikosekana ni taifodi, na siku zinapotea kwenye vidonge. Kibaya zaidi, kwa sababu analalamikia kumeza, mtu mwenye nia njema anaweza kumpeleka kwenye kipimo cha kamera inayoingizwa kooni. Hewa inayopulizwa kupanua umio hupenya tunduni, ikaingia moyoni na kupanda hadi ubongoni.

Anachohitaji wakati huo ni CT skani ya kifua, upesi. Daktari wa Moshi atalijuaje hilo? Kwa karatasi ya ruhusa ya kutoka hospitali: tarehe, eneo lililounguzwa, na mstari mmoja unaosema akipata homa asipimwe kwa kamera.