Kadi haisemi kwamba mama alifika

Mpwa wangu alikuwa na miezi mitatu alipolazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Alitoka wodini baada ya wiki tatu, amekonda lakini anacheka, na sote tukashukuru Mungu. Siku ya nne nyumbani dada yangu alimlaza kitandani, akasimama upande wa kichwani ambako mtoto hawezi kumwona, akapiga makofi. Mtoto akaendelea kunyonya vidole vyake. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akaniita nije nipige mimi, kama vile makofi yangu yana sauti nyingine.

Aliyefanya kazi hiyo ni bakteria anayeitwa nimokokasi. Miongoni mwa bakteria, ndiye anayeongoza kwa kuleta nimonia kali kwa watoto wadogo, na akipenya hadi kwenye utando wa ubongo, hata mtoto anayepona anaweza kubaki na ukiziwi au kifafa. Chanjo ya kuwakinga watoto wachanga dhidi yake iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, na Shirika la Afya Duniani limezishauri nchi zote kuitoa tangu mwaka 2007. Pamoja na hayo, mwaka 2015 bado alikadiriwa kuua takribani watoto 300,000 walio chini ya miaka mitano.

Kila mara watu wanapojadili kama chanjo hii iwe ya lazima, mzazi anayechorwa ni yuleyule: amesoma maneno ya kutisha kwenye simu, amekunja mikono, amekataa. Dada yangu hakukataa. Alifika kliniki mtoto ana wiki sita, akapewa chanjo nyingine na kuambiwa hii imeisha, asubiri tarehe ijayo. Akafika wiki ya kumi. Bado haijaletwa. Wiki ya kumi na tatu tulikuwa wodini.

Mimi naunga mkono ulazima, na nisieleweke vibaya hapo. Nimokokasi hukaa puani na kooni mwa watoto wadogo wenye afya kabisa, wala mzazi hajui. Mtoto anapiga chafya, anambusu mdogo wake, anamlalia bibi yake kifuani, na bakteria anahama. Marekani ilipoanza kuwachanja watoto, ugonjwa mkali uliotokana na aina zilizomo kwenye chanjo ulipungua hata kwa wazee ambao hawakuwahi kudungwa sindano hiyo, kwa sababu wajukuu waliacha kuwabebea. Kwa hiyo anayesema “mtoto ni wangu, uamuzi ni wangu” amesema nusu tu. Pua ya mtoto wake ina majirani.

Linganisha na pepopunda. Vijidudu vyake viko udongoni, hupita kwenye kidonda, na mgonjwa hamwambukizi mtu. Hata hivyo Italia, ilipopitisha sheria ya chanjo kumi za lazima mwaka 2017, iliiweka pepopunda ndani na kuiacha nimokokasi nje, ikawa ya kushauriwa na kutolewa bure tu. Najua pepopunda huja ndani ya sindano moja na magonjwa mengine, na sheria hufuata sindano zilizopo. Lakini ni Italia hiyohiyo iliyochangia fungu kubwa kuliko wote katika mpango wa kimataifa wa dola bilioni 1.5 uliozinduliwa mwaka 2009 ili chanjo ya nimokokasi izifikie nchi maskini. Iliyaona mapafu ya watoto wa mbali vizuri sana. Nadhani ilipaswa kwenda hatua moja zaidi kwa watoto wake.

Ufaransa ilikwenda. Kuanzia Januari 2018 chanjo za lazima zilipanda kutoka tatu hadi kumi na moja, nimokokasi ikiwemo. Kilichonipendeza ni namna walivyofanya. Adhabu maalumu ya kifungo na faini iliyokuwa ikimngoja mzazi aliyekataa chanjo waliifuta, wakabakisha sharti la kuingia kituo cha kulelea watoto na shule. Sheria yao inataja ugonjwa unaokingwa, haitaji sindano ya kiwanda fulani. Hilo ni la maana kwa bakteria huyu mwenye aina zaidi ya tisini. Chanjo ya kwanza ilikamata saba. Aina hizo zilipopungua, nyingine zikajaza nafasi, hasa ile iitwayo 19A, na mwaka 2010 ikabidi kuleta chanjo ya aina kumi na tatu. Wapinzani hulitaja hili kama ushahidi kwamba tunakimbiza upepo. Sikubaliani nao, maana ugonjwa kwa jumla ulishuka sana kwa watoto, na pengo liliposhikwa likazibwa. Lakini wana haki ya kudai kwamba kama sheria inalazimisha, lazima kuwe na watu wanaopima kila mwaka ni aina gani zinazunguka, na kuyasema hadharani.

Australia ndiko ninakositasita. Tangu Januari 2016 familia ambayo mtoto wake hana chanjo zote zilizopangwa, pasipo sababu ya kitabibu, hukosa baadhi ya malipo ya serikali. Mwenye uwezo hajali fungu hilo. Anayelitegemea kula ndiye anayebanwa, na anayebanwa zaidi ni mtoto ambaye sheria inadai kumlinda.

Na zipo nchi, Uingereza mojawapo, ambazo watoto walio wengi huchanjwa bila kulazimishwa na mtu. Huko chanjo ipo, ni ya bure, na familia huitwa tarehe ikifika. Hata Ufaransa, kabla ya sheria mpya, zaidi ya asilimia 90 ya watoto walikuwa tayari wanapata hii ya nimokokasi. Sheria ilikuja juu ya kabati lililojaa.

Ukiiweka juu ya kabati tupu, unamgeuza mama aliyefika mara mbili kuwa mhalifu. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya sheria ninayoitaka ingeibana serikali: dozi ziwepo kila kituo, kila siku ya kliniki, bila malipo, na zikikosekana awepo ofisa mwenye jina na cheo wa kujibu. Ya pili ingehusu fidia. Homa na uvimbe wa paja hupita ndani ya siku mbili, lakini yule mmoja adimu atakayedhurika vibaya asiachwe ahangaike mahakamani peke yake. Marekani ina utaratibu wa fidia kwa sheria ya mwaka 1986, na chanjo hii imo. Mzazi angekuja katika sentensi ya tatu.

Dada bado anaihifadhi kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za kipimo cha masikio. Nimeitazama mara nyingi. Kwenye mstari wa nimokokasi, visanduku vya wiki ya sita na ya kumi ni vyeupe. Hakuna aliyeandika “imeisha.” Mtu yeyote akiishika leo, awe daktari, mwalimu au hakimu, atasoma kwamba mama hakuja.