Jino Lililokwenda Upande wa Wanawake

Ramadhani iliyopita, dakika chache baada ya adhana ya magharibi, nilikuwa nikimkanya mjukuu wangu asile tende kwa pupa, kwa maana tende ina kokwa na kokwa haina adabu. Maneno hayo sikuyamaliza. Kokwa ya tende niliyoitia mdomoni mimi mwenyewe ilikutana na jino langu la mbele la juu, likalia ka! kama kijiti kikavu, na nusu yake ikabaki ndani ya tende. Mjukuu wangu, ambaye ana miaka sita na hana huruma, aliniuliza kama hiyo ndiyo kokwa niliyokuwa nikiisema.

Daktari wa meno niliyemwendea Chake Chake aliligonga lile gutu, akalipiga picha, akaniambia kwamba mzizi nao umepasuka kwa urefu. Lingevunjika kipande cha juu tu, alisema, angelijenga kwa ile dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya buluu, au angelisafisha mzizi na kulivika kofia. Lakini mzizi uliopasuka hadi ndani ya taya haushikwi kwa gundi wala kwa dua, dawa yake ni koleo. Jino la jirani yake lilikuwa na tundu, nalo akaliziba kwa muda kwa dawa yenye harufu niliyoijua tangu utoto. Nilipouliza, akanijibu kwamba ni unga wa zinki uliokandwa kwa mafuta ya karafuu. Nikanyamaza kwa heshima. Miaka yote nimeanika karafuu juani na kuzifukuzia kuku, kisha karafuu hizo zinasafiri zinakokwenda na kunirudia mdomoni kwa fedha.

Baada ya hapo tukaanza mazungumzo ya namna ya kuliziba pengo. Njia moja ilikuwa daraja, yaani meno mawili ya jirani yachongwe mpaka yawe vigingi, kisha yavikwe kofia zilizoshikana na jino la bandia lililoelea katikati. Nilimwambia daktari kwamba kuwachonga majirani wawili kwa sababu mwenzao amefariki si ujirani tunaoujua sisi Pemba. Akanitajia kipandikizi, ambacho ni kijisumari cha titani kinachotiwa ndani ya taya na kuachwa kwa miezi kadhaa hadi mfupa ukikumbatie, ndipo jino likajengwa juu yake. Huyu daktari ni kijana anayependa kusimulia, akanieleza kwamba jambo hilo liligunduliwa mwaka 1952 na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyekuwa akichunguza mifupa ya sungura, na alipotaka kukitoa kidude chake cha titani akakikuta kimeshikamana na mfupa, hakitoki. Mwaka 1965 akamtibu binadamu wa kwanza kwa njia hiyo. Kisa kilinipendeza sana, kwa kuwa katika hadithi zetu sungura ndiye huwanasa wenziwe, na hapa kanaswa yeye. Bei yake lakini ilinikumbusha kwamba mimi ni mwalimu mstaafu.

Nikachagua jino la kuvaa na kuvua: kijibamba cha plastiki chenye rangi ya ufizi, kinacholala juu ya kaakaa, kina jino moja mbele na vishikizo viwili vya waya vya kuyashika magego. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa kwa mikono yangu. Daktari alitaka tusubiri kwanza kidonda kipone, kwa sababu jino likishang'olewa, ufizi na mfupa wa pale hunywea, na kijibamba kilichopimwa mapema hulegea. Mimi nilikuwa na haraka. Mpwa wangu alikuwa akioa Wete katika Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mjomba mtu ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wetu. Nisingeweza kusimama mbele za watu na pengo la kupitisha mkia wa pweza.

“Nitakutengenezea, Maalim,” alisema kwa unyonge, “lakini kikianza kucheza unirudie nikikaze. Na mpaka hapo usile vitu vya kunata.”

“Kama nini?”

“Kama halua.”

Niliitikia kwa kichwa, kwa namna ile ile ambayo wanafunzi wangu walikuwa wakiniitikia mimi.

Siku ya nikaha nilivaa kanzu mpya, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, na jino. Kijibamba kilikuwa kimeshaanza kucheza. Nikitamka neno lenye nguvu kidogo, kilinyanyuka na kurudi mahali pake kwa mlio mdogo ambao niliamini nausikia mimi peke yangu. Khutba ikasomwa, mpwa wangu akakubali kwa sauti iliyotetemeka, wazee wakaitikia dua, na baada ya hapo yakaingia masinia. Halua ile, msomaji, ilikuwa bado ina joto la sufuria: nyekundu, iking'aa kwa samli, yenye iliki na lozi, na ukiivuta inakufuata kama mtoto asiyetaka kuachwa. Nilijiambia kwamba kipande kimoja si kula halua, ni kuonja.

Nilipoking'ata tu, shekhe akanyanyua mkono na kusema, “Sasa tumsikilize Maalim, kwa upande wa bwana harusi.” Nikakitua kipande changu ukingoni mwa sahani, nikakisukuma kilichobaki mdomoni kwa kikombe kizima cha kahawa, nikainuka, nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wasemaji wazoefu, na nikaanza:

“Athalamu alaikum. Thithi thote tuna furaha ithiyo kifani…”

Kila herufi ya sin iliyonitoka ilikuwa imegeuka tha, na nyuma yake ukafuata mluzi mwembamba. Vijana waliokaa nyuma walijificha nyuso ndani ya kofia zao. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, mwenye ndevu nyeupe na masikio mazito, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kumwambia aliyekaa ubavuni pake, “Mashaallah, huyu katoka chuoni hasa. Msikilize makhraji yake, anavyozitoa herufi.”

Nilipeleka ulimi mbele. Pengo. Nikaupeleka juu kwenye kaakaa. Hakuna kijibamba. Katika kichwa changu ikaja picha ya kile kikombe cha kahawa nilichokigugumia, na jasho likanitoka mpaka kwenye kola ya kanzu. Daktari alikuwa ameniambia kwamba vijino vya namna hii, kwa udogo wake, watu huvimeza, na waya zake zinaweza kudhuru njia ya chakula. Nikaikata hotuba niliyoiandika kwa wiki mbili, nikasema “Athanteni,” nikaketi.

Shemegi yangu, ambaye ni muuguzi, alinisogelea na nikamnong'oneza msiba wangu. Hakucheka, Mungu amlipe. Alinitoa kwa mlango wa nyuma na kunipakia garini, na njia nzima akinikataza kujitapisha, kwa kuwa kitu chenye ncha kilichoshuka salama hakilazimishwi kurudi kwa njia ile ile. Hospitali ikaamuliwa nipigwe picha. Shemegi alinieleza kwamba ile plastiki yenyewe haitaonekana, kwa sababu mionzi huipita tu, lakini zile waya za chuma zitajitokeza nyeupe kama mifupa. Nikavuliwa kanzu. Kijana wa mashine akapiga picha ya kifua, akapiga ya tumbo, akaitazama kwa muda mrefu mno, kisha akasema: “Mzee, humu hamna waya. Mna gesi tu.”

Wakati huo huo simu ya shemegi ikalia. Aliyepiga alikuwa mke wangu, na nyuma yake kulisikika makelele ambayo mwanzoni nilidhani ni vigelegele.

Yaliyotokea ni kwamba nilipokuwa nikitoroshwa kwa mlango wa nyuma, vijana walikusanya masahani na kuyapeleka ndani kwa wanawake, na kipande changu kikiwa kileleni, kwa sababu kilikuwa kikubwa na kimeng'atwa mara moja tu. Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyekichukua. Aliona kitu cheupe, akadhani ni lozi, akakivuta, na lozi ikatoka na ufizi wake. Nimesimuliwa kwamba alipiga ukelele mmoja na kukaa chini. Bibi mmoja akauliza nani amefariki. Mwingine akasema hii ni husda, wapo wasioitaka ndoa hii. Mwenye busara kuliko wote akaagiza muuza halua apigiwe simu, na yule maskini, akiwa dukani kwake, akaapa kwamba meno yake yote thelathini na mbili yamo, na kwamba yuko tayari kuwapanga wapishi wake mstari mmoja na kuwakagua vinywa.

Mke wangu alipenya katikati ya mkusanyiko, akalitazama lile jino lililolazwa juu ya kisahani cha chai, na akasema kwa utulivu uliobadilisha cheo changu katika ukoo ule milele: “Nalijua jino hilo. Naliona kila usiku ndani ya gilasi.”

Mkosi ungeishia hapo ningeshukuru. Mke wangu ni mwanamke msafi, na samli anaijua: haitoki kwa maji baridi. Akachukua birika lililokuwa likichemka kwa ajili ya chai ya wageni na kulimiminia jino langu mpaka likang'aa. Halua yote ikayeyuka. Na plastiki nayo, ambayo hupinda ikimwagiwa maji yanayochemka, ikajikunja ikapoa hivyo hivyo, kama ng'onda juani. Niliporudi kutoka hospitali nilikabidhiwa kitu kisafi kabisa kisichoingia katika mdomo wa kiumbe yeyote.

Daktari alinisikiliza kisa chote akiwa ameuelekeza uso ukutani. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa. Safari hii alinifanya nisubiri mpaka ufizi utulie, ndipo akachukua kipimo upya kwa ule uji mzito anaoukoroga, anaoujaza katika kisinia cha chuma na kuukandamiza mdomoni mpaka ugande, huku nikipumua kwa pua na kufikiria mambo ya mbali ili nisikokomoke. Uji huo hutokana na mwani. Nilimpelekea habari hizo dada yangu, mama wa bwana harusi, ambaye hulima mwani pwani kila maji yakitoka, na mara moja akadai sehemu yake ya fedha za daktari. Ilinibidi nimweleze kwamba wake ni mwani wa jamii nyekundu, unaotoa kitu kingine cha kugandishia vyakula, na huu wa meno hutoka katika mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Hakuniamini hata kidogo, na hadi leo akiniona nacheka hunitazama jino kama mtu anayekitazama kiwanja chake kilichojengwa na mwengine.

Jino jipya limekaa vizuri; sin zangu zimerejea. Idi Kubwa ilipofika, wakwe zetu wa Wete walituletea kikapu cha ukili kilichofungwa kwa uzi mwekundu, na ndani yake mna halua ya kutosha nyumba nzima. Juu yake palibandikwa karatasi yenye mwandiko mzuri wa kike: “Imekaguliwa na upande wa wanawake. Hii ina lozi tu.”

Nilivua jino, nikalitia gilasini, nikakivuta kikapu.