Maji ya akwariamu yasimwagwe baharini

Wanaofuga samaki wa maji ya chumvi hapa Dar es Salaam wanajua mengi. Watakueleza habari za taa, za pampu, za matumbawe yanayotaka utulivu na samaki wanaogombana. Waulize maji machafu wanayotoa kwenye tangi kila baada ya wiki mbili wanayapeleka wapi, utaona mazungumzo yanapoa.

Jibu ninalolisikia zaidi ni lile alilonipa kijana mmoja aliyekuwa akipakia ndoo mbili zenye vifuniko kwenye bajaji, anazipeleka ufukweni Msasani. "Mzee wangu, maji ya bahari si yanarudi tu baharini?" Nia yake ilikuwa njema kabisa. Angetaka kuharakisha kazi angeyamwaga mtaroni akaendelea na mambo yake. Lakini napinga jambo hilo kwa moyo wangu wote, na nataka niseme kwa nini.

Nianze na anachosema kweli. Chumvi ya ndoo mbili haiisumbui Bahari ya Hindi. Hata naitreti na fosfeti zinazotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kwa ndoo mbili, zitazimuliwa na kupotea. Kama hoja ingekuwa chumvi na uchafu peke yake, ningemwacha aende zake.

Ila ndani ya ndoo ile kuna vitu vilivyo hai, na kilicho hai hakizimuliwi, huzaliana. Samaki na mawe hai ya akwariamu, yaani vipande vya miamba ya bahari vyenye viumbe ndani yake, huuzwa kuvuka bahari na bahari. Tangi moja la sebuleni linaweza kuwa na viumbe kutoka Indonesia, Karibi na hapa kwetu, wote wakioga maji yaleyale. Maji hayo hubeba mayai, vipande vya mwani, bakteria, na vimelea kama vile vinavyosababisha ugonjwa wa madoa meupe, ambavyo katika hatua mojawapo ya maisha yao huogelea huru vikitafuta samaki wa kumshika. Huvioni kwa macho. Na mfugaji akishautibu ugonjwa huo kwa dawa ya shaba, kama wengi wanavyofanya, yale maji yana sumu kwa matumbawe, konokono na kamba hata kwa kiasi kidogo. Sitaki ndoo ya namna hiyo imwagwe kwenye maji ya kina kifupi pale ambapo bahari ikikupwa akina mama wanaokota chaza.

Mifano ipo, tena ya kutisha. Mwaka 1984 kipande kidogo cha mwani uitwao Caulerpa taxifolia kilionekana baharini Monaco, chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari. Ulikuwa mwani wa kupambia matangi. Ukasambaa katika Mediterania ukafunika maelfu ya hekta za sakafu ya bahari. Mwaka 2000 mwani huohuo ulikutwa kwenye ziwa moja la maji ya chumvi lililoungana na bahari huko Carlsbad, California. Wakaufunika kwa maturubai, wakaingiza klorini chini yake, na ilipofika 2006 ndipo wakatangaza kwamba umekwisha. Gharama ilipita dola milioni saba. Na ajabu ni kwamba mwani huo katika bahari za joto, Bahari ya Hindi ikiwemo, ni mwenyeji asiye na ugomvi na mtu. Ule uliofanya vurugu ulikuwa umelelewa kwenye matangi miaka mingi na ukawa na uwezo wa kustahimili baridi. Kwa hiyo hata anayesema "hawa wangu ni wa hapahapa" bado hajanishawishi.

Sisi tuna nini cha kupoteza? Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Matumbawe yake yamepigwa mabomu ya wavuvi haramu na yamepaushwa na joto la bahari. Yakiongezewa ugonjwa mgeni sijui yatashika wapi.

Basi, wengine husema, tumwage uani. Hapo ndipo chumvi inapokuwa tatizo kweli. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina karibu gramu 700. Mwenye tangi la lita 200 anayebadilisha asilimia 20 kila wiki mbili anatoa zaidi ya kilo 36 za chumvi kwa mwaka. Nimeona nyumba moja Tegeta ambako dada wa kazi aliambiwa ayamwage kwenye shina la mpapai, eti yana mbolea. Majani yalibabuka kingoni yakawa ya kahawia, matunda machanga yakapukutika, na udongo ukikauka unabaki na utando mweupe juu. Mizizi haiwezi kuvuta maji kwenye udongo wenye chumvi nyingi, hata ukimwagilia kila jioni. Halafu chumvi haiishii hapo, mvua huisukuma chini. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani tayari vina maji ya magadi na chumvi kwa sababu tunavuta maji kupita kiasi hadi ya bahari yanapenya. Tusiviongezee kwa mikono yetu.

Na mtaro wa mvua nao ni bahari kwa mlango wa nyuma. Unaingia mto Msimbazi au Mlalakuwa, na hakuna anayeyasafisha maji hayo njiani.

Ninachoshauri ni kuua kwanza, kisha kumwaga kwenye maji taka. Tia dawa yenye klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe ambayo wengi huiita Jik, kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, koroga, acha usiku kucha. Kesho yake iache wazi juani ili klorini ipungue, usije ukaua bakteria wanaoozesha uchafu kwenye karo la choo. Kama nyumba imeunganishwa na bomba la maji taka, mwaga chooni, ndiyo njia bora kuliko zote. Wengi wetu tuna makaro na mashimo, kwa hiyo mwaga kidogo kidogo siku ya kufua, ichanganyike na maji mengine. Mwenye kisima karibu na shimo asimwage humo kabisa. Ayaanike kwenye mabeseni mapana wakati wa kiangazi, kama wafanyavyo wa mashamba ya chumvi, kisha akusanye chumvi iliyobaki na kuitupa na taka. Asiitie kwenye chakula, hata ikipendeza.

Ni kazi, nakubali. Lakini mtu anayenunua taa za laki kadhaa kwa ajili ya matumbawe hashindwi na chupa ya klorini.

Wauza samaki wa mapambo nao nawaomba. Mteja akinunua mfuko wa chumvi ya kuchanganyia maji ya tangi mwambieni maji yake yataishia wapi, kabla hajafika nyumbani. Na samaki akimshinda, mpokeeni, hata bila kumrudishia hela. Maana asipokuwa na pa kumpeleka atampeleka Coco Beach na mfuko wa nailoni, mbele ya watoto wake, akiamini anamfanyia wema.