"Hii Yataka Kutolewa Tu"

Sentensi hiyo nimeisikia hapa Mombasa kwenye gereji za Changamwe, nikaisikia Magongo, nikaisikia hata chini ya mwembe kule Kisauni, na kila mara hutamkwa kwa upole ule ule wa mganga wa meno. Gari ni kuukuu, halina nguvu, taa ya injini imewaka. Fundi anamulika tochi chini, anajipangusa mikono, kisha anatoa hukumu: "Ami, hii yataka kutolewa tu." "Hii" yaweza kuwa konvata, lile kopo la chuma la kusafisha moshi lililo katikati ya ekzosi. Yaweza kuwa vali ya EGR, ile ya kurudisha moshi kwenye injini. Yaweza kuwa kopo la makaa linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi, ambalo wengi wetu tunaliona kila tukifungua boneti na hatujui latufaa nini.

Sisemi haya nikiwa msafi. Nilikuwa na Corolla ya 1996, na kila nikipanda Mazeras malori yalikuwa yakinipigia honi nitoke njiani. Fundi akasema konvata imeziba, akaikata kwa grainda, akachomelea bomba tupu mahali pake, akataka elfu mbili na mia tano. Kazi ya saa moja. Nilirudi mjini kupitia Makupa najiona rubani. Ile konvata nilimwachia. Ilikuwa imeota kutu, ningeifanyia nini? Baadaye ndipo nilipojua kwamba wanunuzi wa skrapu wanaitafuta kwa tochi, kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Kumbe nilimlipa mtu anichukulie mali yangu.

Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba ugonjwa ulibaki palepale. Ndani ya konvata mna kauri yenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi, kaboni monoksaidi inayopita humo inageuzwa kuwa kaboni dioksaidi, mabaki ya petroli yanamaliziwa kuungua, na oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni, hii hii tunayoivuta siku zote. Hakuna kinachozunguka wala kusuguana humo, kwa hivyo mara nyingi sega halizibi lenyewe. Huzibwa. Injini ikimisi, yaani cheche ya plagi ikikosa kuiwasha petroli, petroli mbichi huingia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya sega mpaka kauri inayeyuka. Au injini inakula oili, na masalia yake yanajaa kwenye vile vitundu.

Miezi miwili baada ya kuchomelewa bomba, Corolla ikaanza kukohoa tena, safari hii ikinywa petroli kama ngamia na kunuka kiasi kwamba watoto walikataa kukaa nyuma. Nikampelekea mzee mmoja wa Majengo. Alingoja usiku uingie, akaniambia nizime taa ya uani, akafungua boneti injini ikiwa hai. Cheche za buluu zilikuwa zinarukaruka kando ya waya za plagi. Mpira wa waya ulikuwa umepasuka, na hewa yetu hii ya chumvi na unyevu ilikuwa imemaliza kazi. "Umezika maiti," akasema, "muuaji ukamwacha nyumbani."

Nimejiuliza sana dawa hii ya kutoa ilitoka wapi, na nafikiri sehemu yake ni urithi. Kabla ya 2006, petroli yetu ilitiwa madini ya risasi, na risasi huiua konvata: inalipaka sega mpaka haliwezi kufanya kazi tena. Gari lililotoka Japani na konvata yake lilipojazwa petroli ile, kile kidude kikawa mzigo tu, na kukitoa kukawa na mantiki. Risasi iliondoka, vijana wa gereji wakarithi dawa ya ugonjwa uliokwisha.

Sehemu nyingine ni sisi wenye magari. Kutoa kunalipwa, kusafisha hakulipwi. Jirani yangu ana matatu ya dizeli, na vali yake ya EGR ilizibwa kwa kibati kilichokatwa kwenye kopo la rangi. Kazi ya vali hiyo ni kurudisha moshi kidogo ndani ya injini ili moto usipande mno, kwa kuwa moto ukipanda mno ndipo oksidi za nitrojeni zinapozaliwa. Kwenye dizeli hujaa masizi, hilo ni kweli, na kulisafisha bomba lake ni kazi ya kuchafuka mchana kutwa. Sasa mwambie jirani yangu alaze gari kutwa nzima, halafu amlipe fundi kwa kusugua masizi! Fundi naye anajua atalipwa kwa kitu kilichoonekana kutoka.

Na ile vali ndogo ya PCV, inayovuta mvuke wa oili na kuurudisha ukaungue, watu huing'oa na kuziba mpira wake kwa bolti. Mvuke ukikosa njia unasukuma sili, oili inaanza kuvuja, na mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Itoe, itikise sikioni: ikicheza ndani, mara nyingi ni nzima. Haikucheza, inunue nyingine. Hata chai na mahamri ya wiki yanaishinda bei.

Nakubali kuna magari magumu. Zile kabureta za Kijapani za miaka ya 1980, zenye mipira kama tambi, zinaweza kumtia mtu wazimu, na spea zake hazipatikani. Hata hizo, tazama kwanza chini ya boneti, aghalabu mna karatasi yenye mchoro wa mipira yote. Maandishi ni ya Kijapani, mchoro ni mchoro.

Nikisema barazani kwamba magari yaliyotolewa vidude hivi yanatuchafulia hewa, najibiwa jibu moja: sisi tuna bahari, upepo utaubeba moshi. Kusi ikivuma, sawa. Lakini njooni mwezi wa Machi, kaskazi imelegea na kusi haijaanza, mkae kwenye foleni ya feri Likoni saa kumi na mbili jioni, injini zote zinanguruma na watu wanapita katikati kwa miguu. Kisha kuna jua. Mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha huko Los Angeles, miaka ya 1950, kwamba ukungu uliokuwa ukiwachoma watu macho ulipikwa na jua kutokana na moshi wa magari: oksidi za nitrojeni, mvuke wa petroli, jua, basi. Kwa jua, Mombasa hatuazimi kwa mtu.

Corolla yangu nimeifunga konvata tena, ya mtumba, baada ya kuzunguka wiki tatu maana zimekatwa zote na kwenda skrapu. Hiyo moja niliyopata muuzaji aliitoa chini ya meza, imefungwa gazeti. Miisho yake miwili ilikuwa imekatwa kwa msumeno, upesi upesi, kingo zimepinda. Niliitazama ile mikato. Sikuuliza ilitoka gari la nani.